Unafunga, ugali umeacha, na kiuno kiko palepale

Mteja wangu alisimama mbele ya kioo kibandani kwangu, nikamzungushia futi kiunoni. Inchi 41. Nikafungua daftari: miezi miwili nyuma nilikuwa nimemwandikia 41 hiyohiyo. Alikuwa anashonesha kwangu gauni la harusi ya mdogo wake, na alikuwa amenisihi nisikate kitambaa mapema kwa sababu anafunga saa 16 kila siku na wanga ameacha.

"Fundi, kuanzia kesho nafunga saa 20," akasema.

Nikamwomba asiongeze hata dakika moja. Akae kwanza kwenye stuli, anitajie kila kilichopita mdomoni jana tangu alipofungua. Saa saba mchana alikula supu ya mbuzi na parachichi zima, lile kubwa. Saa tisa, karanga za kukaanga akiwa kazini, kifuko kizima. Saa kumi na mbili jioni, kuku wa kukaanga, mchicha wa nazi na ndizi mbili za kuchoma, maana ndizi kwake ni tunda. Kabla ya saa tatu usiku akamalizia na glasi ya maziwa na korosho kidogo. Hakunidanganya popote, na masharti aliyopewa alikuwa ameyashika yote.

Mimi nimetoka kilo 96 hadi 78 kwa kula namna hii, na ni mwaka wa nne sasa. Katika muda huo nimesikiliza watu wengi kwenye stuli ile. Mwili ukigoma, karibu kila mtu hukimbilia kukaza: saa 16 ziwe 20, 20 ziwe siku nzima. Ni mara chache sana kosa nimelikuta kwenye saa. Mara nyingi liko kwenye sahani ya jioni, kwenye chumvi, kwenye dawa anazomeza mtu, au kwenye namna anavyojipima. Kwa hiyo tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, ukague sababu zake, ndipo uguse saa.

Tuelewane maneno kwanza. Mfungo wa saa 16 ni kama kumaliza kula saa mbili usiku na kula tena saa sita mchana kesho yake. Katikati unakunywa maji, chai ya rangi au kahawa, vyote bila sukari. Kupunguza wanga ni kupunguza ugali, wali, chapati, mkate, mihogo, viazi, ndizi na sukari. Kwa kawaida huitwa wanga mdogo ukishuka chini ya gramu 130 kwa siku, na wale wa keto hushuka chini ya 50. Tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, aanze kusikika kila mahali akitukanya kuhusu sukari na wanga, mambo haya yamekuwa mazungumzo ya daladala. Nashukuru. Ila kwenye daladala hakuna anayekuuliza unameza dawa gani.

Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloua.

Mama yangu ana kisukari. Mwaka wangu wa kwanza wa kufunga alinisikia nikisifia, naye akaanza kimyakimya. Kidonge chake cha asubuhi, glibenklamidi, akaendelea kukimeza kama kawaida, ila bila chai wala kitafunwa. Saa nne asubuhi nikamkuta amekaa uani, blauzi imelowa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la shangazi yangu marehemu. Kimashine cha sukari kikasoma 2.9, kwa kipimo cha mmol/L. Nikakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, akanywa kidogokidogo. Baada ya dakika 15 nikapima tena: 4.4. Ndipo nikampa chakula.

Sukari ikishafika chini ya 3.9 imeshuka, hata kama mtu anasema yuko sawa. Glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi na sindano za insulini huishusha uwe umekula au hujala. Kwa hiyo mwenye dawa hizi hafungi wala hapunguzi wanga kabla daktari hajampangia upya dozi. Usiziache mwenyewe, na usizimeze tumbo tupu ukitumaini mema. Metformini peke yake haina hatari hiyo kwa kiasi hicho, lakini mpango wako utaje kliniki. Ukimkuta mtu amelegea kiasi kwamba hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni: mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.

Kuna dawa nyingine mpya kidogo, dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo. Mtu anayezitumia akipunguza sana wanga au akifunga muda mrefu, damu yake inaweza kujaa tindikali huku kimashine kikionyesha sukari isiyotisha. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuhema harakaharaka: hapo ni hospitali siku hiyohiyo, na kifuko cha dawa mkononi ili wakione.

Wa presha nao wajue kwamba kilo na maji vikipungua presha hushuka. Kidonge kilichokutosha mwaka jana kinaweza kukuangusha mwaka huu, hasa vile vya kukojoza. Ukisimama ukaona giza, pima presha kwanza.

Na wapo ambao mfungo si wao kabisa kwa sasa: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na kijana anayekua, mtu aliyekonda tayari, aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu au anayepona ugonjwa mkubwa, na yeyote aliyewahi kuumwa ule ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Mwenye ugonjwa wa figo au ini asianze bila daktari.

Kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, misuli ya miguu inakaza usiku

Hizi huja siku ya pili hadi ya saba, na huwakatisha tamaa watu wengi kuliko njaa yenyewe. Sababu kubwa ni chumvi. Ukipunguza wanga, insulini mwilini inashuka, na insulini ikishuka figo zinaachia chumvi na maji zaidi ya kawaida. Ndiyo maana wiki ya kwanza unakojoa mara kwa mara. Unakunywa maji mengi kufidia, lakini maji matupu yanazidi kuizimua chumvi iliyobaki, na kichwa kinazidi kugonga.

Jaribu hivi: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye supu au glasi kubwa ya maji, subiri nusu saa. Kama tatizo ni chumvi, utahisi kichwa kinaachia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu ile ya kwenye mboga pia. Mwenye presha ya kupanda, moyo au figo asifanye jaribio hili bila kumuuliza daktari wake. Kwa misuli ya miguu kukaza, ongeza mchicha, spinachi, parachichi na mbegu za maboga, vyenye potasiamu na magnesiamu.

Sababu ya pili ni kahawa au chai uliyoiacha ghafla ukidhani inaharibu mfungo. Irudishe bila sukari. Ya tatu ni kwamba umeacha wanga na umeogopa mafuta papo hapo, yaani hakuna unachokula.

Sasa sikiliza vizuri. Huku kwetu kichwa, uchovu na viungo kuuma ni dalili za malaria pia. Ukiona homa, baridi ya kutetemesha au kutapika, usijiambie ni mwili unazoea. Nenda kapime siku hiyo. Na siku unaumwa hufungi: mgonjwa haulizwi uji, anapewa.

Mizani imegoma

Hapa ndipo pana mengi, na ndipo alipokuwa mteja wangu.

Anza kuuliza imegoma tangu lini. Ini na misuli huhifadhi wanga wa akiba, glikojeni, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa na maji kama gramu 3. Ukiacha wanga akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Kwa hiyo ile kilo mbili au tatu iliyotoka wiki ya kwanza ilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Wiki ya pili ikitoka nusu kilo tu, hujagoma. Ndiyo kwanza mafuta yameanza kutoka, na nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana. Nimewaona watu wakiacha wiki ya tatu, wakati kazi yenyewe inaanza.

Kama ni mwezi mzima bila chochote kwenye mizani wala kwenye futi, fungua sahani.

Nilimpigia mteja hesabu kwenye karatasi ya kukatia pateni. Gramu 100 za parachichi zina kalori kama 160, na parachichi lake likiwa na nyama ya gramu 250 hiyo ni 400. Kifuko cha karanga cha gramu 100 ni kama 570. Jumla 970. Wali uliopikwa una kalori kama 130 kwa gramu 100, kwa hiyo sahani ya gramu 300 aliyoikataa kwa uchungu mwezi mzima ni 390. Parachichi na karanga zake zilikuwa zimepita sahani mbili za wali, na bado kuku hajafika mezani. Alikaa kimya akiitazama ile karatasi, kisha akauliza kama anaweza kuichukua.

Parachichi ni chakula kizuri, na karanga pia. Shida ni kwamba tumeambiana wanga ndio adui, tukaelewa kuwa kingine chochote hakihesabiki. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya nazi au ya mzeituni yaliyopanda ndege. Angalia namna tunavyounga mboga: mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Mimi nilianza kupima kwa kijiko, nikagundua mchicha wa watu watatu ulikuwa unakula vijiko sita, na juu yake tui zito. Nilipofika vijiko viwili na tui jepesi, kiuno kilianza kusogea bila kugusa saa hata moja.

Waliofanya majaribio wamekuta mambo yanayofanana na haya. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene walipewa kiwango kimoja cha kalori kwa miezi 12. Nusu walikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu, wengine muda wowote. Matokeo yaliyotoka 2022: waliobanwa muda walipungua wastani wa kilo 8.0, wenzao 6.3, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema muda ndio uliofanya kazi. Jaribio la Marekani la 2020 liliwachukua watu 116, kundi moja likala saa sita mchana hadi saa mbili usiku bila kuambiwa wale nini. Baada ya wiki 12 walipungua chini ya kilo moja, karibu sawa na waliokula mara tatu kama kawaida. Na kule Stanford, 2018, watu 609 waligawanywa kati ya kupunguza wanga na kupunguza mafuta. Mwaka ulipokwisha waliopunguza wanga walikuwa wametoa wastani wa kilo 6.0, wa mafuta 5.3.

Sisemi kufunga hakufai. Kwangu kumefaa kwa sababu kumenifungia jiko usiku. Nikiwa na mwanzo na mwisho wa kula, vile vitafunwa vya kupita, andazi la jirani, kiporo cha wali nikiosha sufuria, vyote vimekosa nafasi. Lakini kama kile ulichokiondoa asubuhi unakirudisha jioni, mwili hauna cha kupunguza. Wa pwani tunalijua hili kwa macho yetu. Mwezi wa Ramadhani mtu anafunga mchana kutwa, hata maji hanywi, na Idi inamkuta amenenepa. Futari ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kalimati, uji na sharubati, kisha daku. Mfungo wa saa 16 ukiufungulia namna hiyo utakupa matokeo ya namna hiyo.

Ukiona mafuta na kiasi viko sawa, tafuta wanga uliojificha. Ndizi za kuchoma, zisizoiva au mbivu, ni wanga. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na ni bora, lakini ugali wake una wanga karibu ule ule. Uji wa ulezi au wa lishe ni unga. Mkate wa brauni ni mkate. Maziwa glasi moja ya mililita 250 ina gramu kama 12 za sukari yake ya asili. Soda ya mililita 350 ina gramu kama 37, yaani vijiko tisa vya chai. Juisi ya embe au ya parachichi iliyopigwa na maziwa na sukari ni mlo kamili ndani ya glasi, ila haishibishi kama mlo. Maharage na dengu yana wanga pia, lakini yana protini na nyuzinyuzi nyingi. Mimi sikuyaacha, nilipunguza upawa.

Na lile jambo la kila mahali: maji ya ndimu na asali asubuhi kabla ya saa sita. Kijiko cha chakula cha asali kina gramu kama 17 za sukari. Ukinywa hayo umeshafungua. Ndimu tupu haina neno.

Kisha uliza wikiendi. Siku tano za nidhamu zinaweza kuliwa zote Jumamosi na Jumapili, kwa bia, nyama choma na chipsi za kusindikizia, hasa msimu wa harusi na vikao vyake. Usijilaumu, lakini iandike. Siku saba ndizo wiki.

Baada ya hapo kagua namna ya kupima. Mizani pima mara moja kwa wiki, asubuhi, umetoka chooni, hujala, nguo ile ile, mizani ile ile juu ya sakafu ngumu. Mwanamke asilinganishe wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya baada yake, maana maji peke yake huongeza kilo moja au zaidi. Futi nayo ina adabu yake, na hapa naongea kazi yangu. Pitisha katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, siyo pale unapofungia mkanda. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani. Futi iguse ngozi bila kubana na ikae sawa nyuma, maana mgongoni hupenda kupanda na kukuongopea inchi nzima. Kiuno cha mwanamke kikipita sentimita 80, kama inchi 31 na nusu, au cha mwanamume 94, yaani inchi 37, hatari ya kisukari na moyo imeanza kupanda. Kwangu futi imesogea miezi ambayo mizani ilisimama, na nguo zilithibitisha.

Ukishamaliza yote hayo na bado hakuna kitu, tazama dawa nyingine. Prednisoloni huongeza hamu ya kula na kujaza maji. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri hupunguza mwendo wa mwili mzima. Haya ni ya kupimwa, usiyakisie. Na kama umeshatoa kilo kumi au zaidi, kumbuka mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa: sahani iliyokupunguza ulipokuwa na kilo 96 ndiyo inayokutosha kukaa palepale ukiwa na 80.

Njaa ya saa nne usiku, inayokupeleka jikoni kwa nyayo

Nikisikia hii nauliza protini. Watu huacha ugali na kubaki na ile ile finyango moja ya nyama waliyokuwa wakitowelea. Ugali umeondoka na hakuna kilichokaa mahali pake. Mtu wa kilo 80 anayepungua anahitaji protini kama gramu 80 hadi 100 kwa siku ili asipoteze misuli. Yai moja lina gramu 6 tu, kipande cha samaki au kuku kilichopikwa cha gramu 100 kina kama 25. Kwa kweli hii ndiyo hofu yangu kubwa juu ya mfungo usio na mpangilio. Katika lile jaribio la Marekani la 2020, waliopimwa kwa kina walikuwa wamepoteza nyama ya mwili kuliko mafuta. Fungua kwa mayai matatu, au samaki, au dagaa na mboga za majani nyingi. Halafu nyanyua vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki, hata kama ni ndoo ya maji.

Usingizi nao unahusika. Ukilala kwa muda wa saa tano tu usiku, kesho yake hamu ya vitamu itakushinda hata uwe na moyo gani. Kahawa isivuke saa nane mchana.

Kama njaa ya usiku inakuja kila siku licha ya protini, sogeza muda wa kula mapema badala ya kuurefusha mfungo. Fungua saa nne asubuhi, maliza saa kumi na mbili jioni.

Choo kigumu, mdomo kunuka, kiungulia

Choo: umeondoa dona, maharage na matunda, hujaweka nyuzinyuzi nyingine. Bamia, tembele, mnavu, majani ya maboga, nyanya chungu, kabichi, nusu sahani kila mlo, na maji. Mdomo kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha ni asetoni, huja mafuta yakiungua na hupungua baada ya wiki chache. Piga mswaki na ulimi. Kiungulia mara nyingi ni chakula kingi cha mafuta kwa mkupuo kisha kulala. Gawa mlo, acha muda wa saa tatu kabla ya kitanda. Mwenye vidonda vya tumbo ambaye maumivu yanaongezeka akiwa na njaa asivumilie, aache na akapimwe.

Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wa mafuta yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo hupenda kujitokeza kwa wanaopungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki. Kidole gumba cha mguu kuvimba na kuwaka moto baada ya wiki ya nyama choma ni gauti. Vyote viwili ni vya hospitali.

Nywele zinabaki kwenye kitana, hedhi imepotea, baridi haikutoki

Dada mmoja aliniletea sketi niipunguze mara tatu ndani ya miezi miwili. Mara ya tatu nikashika mkono wake kupima, ulikuwa wa baridi mchana wa Januari, hapa Dar es Salaam. Alikuwa anakula mara moja kwa siku, saladi na mayai mawili. Hedhi ilikuwa haijaonekana kwa miezi mitatu, naye alikuwa anafurahia mizani.

Hapa mwili unakuambia unakula kidogo mno. Nywele hudondoka miezi miwili au mitatu baada ya kupungua kwa kasi, kwa hiyo unazoziona leo ni za njaa ya wakati ule, na kwa kawaida huota tena ukishakula vya kutosha. Hedhi ikipotea, pima mimba kwanza, kisha acha mfungo kabisa, rudisha milo mitatu yenye protini na wanga kiasi, na umwone daktari isiporudi. Damu ipimwe wingi pia. Sikuipunguza ile sketi. Nilimwambia nitaishona bure akirudi amekula.

Na yeyote anayefikiria kufunga siku tano au zaidi kwa maji tu: kurudisha chakula kwa ghafla baada ya hapo kunaweza kuvuruga chumvichumvi za damu hadi moyo ushindwe. Usifanye hivyo nyumbani.

Umepungua vizuri, halafu kilo tatu zimerudi kwa siku nne

Umekula pilau ya Idi au ya Krismasi, glikojeni imejaa tena na maji yake. Kilo tatu za mafuta haziwezi kuja kwa siku nne za kula kawaida. Rudi kwenye mpango wako bila kujiadhibu kwa mfungo mrefu, na wiki ijayo nyingi zitakuwa zimeshuka. Zikibaki baada ya wiki tatu, ndipo urudi juu kwenye sahani na kijiko cha mafuta. Kila baada ya miezi michache pima pia sukari, presha na mafuta ya damu. Wapo ambao kolesteroli yao mbaya hupanda sana kwa samli, tui na nyama nono, ingawa kiuno kinapungua.

Mama siku hizi anakula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Glibenklamidi daktari aliiondoa kabla hajaanza upya, na kimashine kiko kwenye mkoba wake wa ukili popote aendapo.

Mteja wangu alibaki na saa zake 16. Karanga alizipima kwa kiganja badala ya kifuko, parachichi akala nusu, mafuta kwa kijiko, na ndizi zikageuka samaki. Gauni nilikata kwa inchi 39. Wiki ya harusi alikuja kulijaribu, likawa linapwaya kiunoni, nikaingiza pini nusu inchi kila upande.